Profesa Thomas Odhiambo: Msomi aliyetafuta walinzi wa shamba miongoni mwa wadudu

Na Mwandishi Wetu, Moshi

UKITOKA Moshi mjini ukashika barabara iendayo TPC, haichukui muda mrefu kabla majengo hayajaachia nafasi mashamba ya Mabogini. Upande mmoja ni majaruba ya mpunga yanayopata maji ya mito Njoro na Rau kupitia mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Upande mwingine ni mahindi. Nyuma ya yote hayo, siku mawingu yanapojitenga, Mlima Kilimanjaro husimama kama mzee anayesimamia shamba lake.

Mkulima wa huku akiona majani machanga ya hindi yametobolewa matundu madogo yaliyojipanga mstari, hahitaji kuambiwa na mtu. Anajua kuwa bungua ameingia. Akilipasua bua atamkuta kiwavi mwenye madoadoa akiendelea kuchimba handaki lake, na hindi hilo halitazaa kama lilivyokusudiwa.

Lakini yapo mabua ambayo, yakipasuliwa, huonyesha jambo tofauti. Kiwavi amenyauka, na ubavuni mwake pamerundikana vifuko vidogo vyeupe, vidogo kuliko chembe ya mchele, mithili ya pamba iliyosokotwa. Ni rahisi kudhani kuwa ni mayai ya bungua na kuviponda kwa kidole gumba. Anayefanya hivyo amemuua mlinzi wake mwenyewe, kwa maana ndani ya kila kifuko kuna nyigu mdogo anayejiandaa kutoka akamtafute bungua mwingine.

Habari ya nyigu huyo haiwezi kusimuliwa ikakamilika bila kulitaja jina la hayati Profesa Thomas Risley Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya aliyefariki dunia jijini Nairobi Mei 26, 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Si kwamba yeye ndiye aliyemshika nyigu huyo kwa mkono wake na kumwachia shambani. Alichofanya ni kikubwa zaidi ya hapo. Alijenga nyumba ambamo kazi hiyo ingeweza kufanywa na Waafrika, katika ardhi ya Afrika, kwa ajili ya mashamba ya Afrika.

Odhiambo alizaliwa Mombasa Februari 4, 1931. Ingawa alizaliwa pwani, elimu yake ya sekondari aliipata Maseno, magharibi mwa Kenya, katika shule iliyokuwa ikichuja vijana wachache sana kutoka katika umati mkubwa. Kutoka hapo alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda, ambako katika miaka hiyo ndiko vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliofaulu walikokutana kusaka elimu ya juu.

Baada ya Makerere aliajiriwa katika idara ya kilimo ya Uganda. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule, hiyo ilikuwa ajira ya heshima, lakini haikuwa kazi iliyotarajiwa kumgeuza mtu kuwa mtafiti. Utafiti ulikuwa mali ya wageni. Mwafrika alibeba neti na chupa, na Mzungu akaandika makala.

Odhiambo hakuukubali mgawanyo huo. Akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alianza kuandika mwenyewe na kuchapisha katika majarida ya wataalamu wa wadudu huko Uingereza. Na wadudu aliowachagua ni wale ambao mkulima hawezi kuwaona kwa urahisi kuwa ni rafiki zake, yaani kunguni wawindaji, ambao hawanyonyi mimea bali huwachoma wadudu wenzao kwa mdomo mkali na kuwafyonza.

Mwaka 1958 alieleza maisha ya kunguni mmoja wa aina hiyo, aitwaye Acanthaspis petax, anayeishi katika vichuguu vya mchwa nchini Uganda. Kunguni huyu akiwa mchanga huwinda sisimizi, na akishamaliza kuwafyonza hawatupi. Huibeba mizoga yao mgongoni, ikichanganyika na vumbi, na kutembea akiwa amejificha chini ya mzigo wa aliowaua. Mwaka uliofuata aliandika juu ya kunguni mwingine, Rhinocoris albospilus, ambaye tabia yake ilikuwa ya kushangaza zaidi. Katika jamii hii, anayeyalinda mayai ni dume. Hukaa juu ya mayai hayo na kuyalinda dhidi ya nyigu wadogo wanaotaka kutaga mayai yao ndani yake.

Tukitazama nyuma leo, tunaona kuwa ndani ya jambo hilo dogo kulikuwa na swali zito. Kunguni yule ni adui wa wadudu waharibifu, kwa hiyo ni rafiki wa mkulima. Nyigu wa aina ile naye ana ndugu wengi ambao huangamiza mayai ya waharibifu, na kwa hiyo jamii yake inahesabiwa miongoni mwa marafiki wa mkulima. Lakini marafiki hawa wawili wakikutana wao kwa wao, mmoja anamla mwenzake. Adui wa adui yako si lazima awe rafiki wa rafiki yako. Anayetaka kuwatumia wadudu kuwazuia wadudu lazima kwanza ajue nani anamla nani, wapi na wakati gani.

Swali hilo halikuwa geni katika Afrika Mashariki. Wazee wa mikoa ya kahawa nchini Kenya waliliona kwa macho tangu mwaka 1923, wakati mdudu mweupe kama unga alipoanza kuiangamiza mibuni katika maeneo ya kuzunguka Thika. Kwa miaka mingi wataalamu walimkosea jina mdudu huyo, wakadhani asili yake ni Asia, na wakatafuta maadui zake huko bila mafanikio. Ilipobainika kuwa asili yake ni jirani tu, Uganda, waliletwa nyigu kutoka huko mwaka 1938 na balaa likatulia. Hata hivyo, nyigu hao hawakuwa na kazi rahisi, kwani sisimizi waliokuwa wakilamba utamu unaotolewa na mdudu yule walimlinda dhidi ya kila aliyemsogelea. Kilimo cha kahawa kilijifunza kuwa kosa la jina moja laweza kugharimu miaka kumi na mitano.

Mwaka 1959 Odhiambo alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Queens' cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alifanya kazi chini ya Sir Vincent Wigglesworth, mtu anayehesabiwa kuwa mwasisi wa elimu ya namna miili ya wadudu inavyofanya kazi. Utafiti wake ulimhusu nzige wa jangwani, na hasa nzige dume. Alichunguza jinsi tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo zinavyotawala kukomaa kwa viungo vya uzazi na hata hamu ya nzige huyo ya kujamiiana. Alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1965.

Angeweza kubaki. Wengi wa rika lake waliokuwa na sifa kama zake walibaki, na hakuna aliyewalaumu, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na maabara ya maana wala jarida la kuchapishia kazi zao. Yeye alirudi Nairobi mwaka huo huo na kuanza kufundisha katika chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, aliandika katika jarida la Science la Marekani makala iliyohusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba nchi maskini haziwezi kufanya kila aina ya sayansi kwa wakati mmoja. Zinapaswa kuchagua maeneo machache yanayogusa maisha ya watu wake, na katika hayo zijenge vituo vya kiwango cha juu kabisa, visivyopungukiwa na chochote mbele ya vile vya Ulaya na Marekani. Yeye alikwishachagua eneo lake, nalo ni wadudu. Katika bara ambalo ndorobo huamua ng'ombe wataishi wapi, mbu huamua ni watoto wangapi watafika umri wa kwenda shule, na viwavi huamua ghala litajaa au litabaki tupu, uchaguzi huo haukuhitaji utetezi mrefu.

Makala ile iliwafikia watu wenye uwezo. Miongoni mwao alikuwamo Carl Djerassi, mkemia wa Marekani aliyejipatia sifa kwa mchango wake katika kupatikana kwa vidonge vya uzazi wa mpango, ambaye naye alikuwa na wazo la kuanzisha vituo vya utafiti katika nchi zinazoendelea. Akademia za sayansi za nchi kadhaa ziliunga mkono, na mwaka 1970 Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana duniani kote kwa jina la ICIPE, kikaanzishwa Nairobi. Odhiambo, akiwa na umri wa miaka 39, akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka huo huo akawa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Mwanzo wa kituo hicho haukuwa wa fahari. Kazi zilianzia katika vijumba vya muda katika eneo la Chiromo. Wanasayansi mashuhuri kutoka nje walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana waliomaliza masomo walibaki kufanya kazi ya kila siku. Orodha ya wadudu waliolengwa ilisomeka kama orodha ya kero za mwananchi: ndorobo, viwavijeshi, mchwa, nzi wa mtama, mbu na kupe. Baadaye kituo kilipata makao yake Kasarani, nje kidogo ya kitovu cha jiji, mahali palipopewa jina la Duduville, na kingine kikajengwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1983 alianzisha pamoja na vyuo vikuu vya Afrika mpango wa kuwafundisha vijana shahada za uzamivu katika sayansi ya wadudu. Kijana alifanya utafiti wake ICIPE, kisha shahada akapewa na chuo kikuu cha Kiafrika. Katika miaka iliyofuata, wengi waliopita hapo walitawanyika katika vituo vya kilimo, wizara na vyuo vya bara zima. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika na rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa ajili ya kukomesha njaa, tuzo aliyoipokea pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Wakati heshima hizo zikimiminika, bungua walikuwa wakiendelea na kazi yao mashambani. Na hapa ndipo habari inaporudi Mabogini.

Mmoja wa bungua wanaowasumbua wakulima wa ukanda wa chini wa Afrika Mashariki si mwenyeji wa bara hili. Jina lake la kitaalamu ni Chilo partellus, na asili yake ni Asia. Alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Malawi mwaka 1930, na miaka kama ishirini baadaye akaripotiwa Tanganyika. Kama ilivyo kwa mgeni yeyote anayehama peke yake, aliwaacha nyuma ndugu, jamaa na maadui. Kule Asia wapo nyigu waliozoea kumwinda kwa vizazi visivyohesabika. Huku alikuta shamba bila mlinzi anayemjua vyema, akazaana na kuwapiku hata bungua wenyeji katika maeneo mengi ya joto.

Jaribio la kwanza la kuwaleta maadui zake lilifanyika kati ya mwaka 1968 na 1972, kupitia taasisi ya Jumuiya ya Madola iliyokuwa na kituo chake Afrika Mashariki. Aina tisa za nyigu ziliachiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Hakuna hata moja iliyosalia. Suala hilo likawekwa kando kwa karibu miaka ishirini.

Mwaka 1991, Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, ICIPE ililifufua kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wageningen na fedha za Serikali ya Uholanzi. Nyigu aitwaye Cotesia flavipes aliletwa kutoka Pakistan, akafugwa na kuchunguzwa maabara, na mwaka 1993 akaachiwa katika mashamba ya pwani ya Kenya. Safari hii alishika. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walimkuta pia kaskazini mwa Tanzania, akiwa amejiwekea makazi.

Kazi ya nyigu huyu ni ya hatari. Jike, ambaye urefu wake ni milimita chache tu, hufuata harufu ya kinyesi cha bungua na ya mmea ulioliwa, kisha hujipenyeza ndani ya handaki lenyewe. Humo hana pa kukimbilia. Bungua humgeukia na kumng'ata, na majike wengi hufia humo humo. Anayefaulu humdunga kiwavi na kumwachia mayai kadhaa katika mwili wake. Watoto wa nyigu hula na kukua ndani ya kiwavi aliye hai, na baada ya takriban wiki mbili hutoboa ngozi, hutoka, na kufuma vile vifuko vyeupe ambavyo mkulima huvikuta akipasua bua.

Hesabu zilizofanywa baadaye katika pwani ya Kenya zilionyesha kuwa idadi ya bungua yule wa Asia ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna mkulima aliyenunua kitu, wala hakuna aliyebeba pampu mgongoni.

Hata hivyo, waliokuwa wakimwachia mgeni huyo walilazimika kujiuliza swali lile lile ambalo kijana Odhiambo alikutana nalo Uganda katika miaka ya 1950. Afrika ilikuwa na nyigu wake mwenyewe, Cotesia sesamiae, ndugu wa karibu wa yule wa Asia na wanaofanana sana kwa sura. Alikuwa akiwawinda bungua wenyeji muda mrefu kabla ya mahindi kufika huku. Je, mgeni akija, mwenyeji atafukuzwa? Na akifukuzwa, nani atamzuia yule bungua mwingine, Busseola fusca, mwenyeji wa nyanda za juu zenye baridi?

Jibu lililopatikana lilikuwa na pande mbili. Kwa bungua wa Asia, mgeni ni hodari zaidi, kwani humpata kwa urahisi na huzaa watoto wengi zaidi ndani yake. Lakini akitaga katika Busseola fusca, mayai yake hayaishi. Chembe za damu za kiwavi huyo huyazingira na kuyafunika mpaka yafe. Mgeni hawezi kupokea kazi yote ya mwenyeji hata kama angetaka.

Zaidi ya hapo, iligundulika kuwa hata mwenyeji hafanani kila mahali. Nyigu wa asili kutoka maeneo ya ndani ya magharibi mwa Kenya hukua vizuri ndani ya Busseola fusca, lakini ndugu zake wa pwani, wenye jina lile lile na sura ile ile, hushindwa. Kosa la kahawa la miaka ya 1920 na 1930 lingeweza kurudiwa kwa urahisi kabisa na mtu ambaye angechukua nyigu wa Mombasa na kumwachia milimani.

Mlima Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kuona mambo haya yakitendeka kama ngazi. Chini, katika mashamba ya tambarare kama Mabogini, kuna joto linalompendeza bungua wa Asia na nyigu wake. Ukipanda kuelekea kwenye vihamba vya migomba na kahawa, baridi inaongezeka, na bungua wa nyanda za juu huchukua nafasi pamoja na nyigu mwenyeji. Kila adui ana mlinzi wake, na kila mlinzi ana mpaka wake.

Ngazi hiyo ndiyo iliyowaleta watafiti katika miteremko ya Kilimanjaro na Milima ya Taita kati ya mwaka 2011 na 2015, katika mradi ulioratibiwa na ICIPE kwa ufadhili wa Finland, ambao Watanzania pia walishiriki kwa nafasi ya mbele. Swali lilikuwa nini kitatokea mlima ukizidi kupata joto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuwa ya kufurahisha. Makadirio yalionyesha kuwa bungua wa Asia atapanda mlima, na kwamba si lazima nyigu wake apande naye kwa mwendo ule ule. Pale mharibifu atakapotangulia na mlinzi akachelewa, mkulima ndiye atakayelipa.

Odhiambo hakuishi kuyaona matokeo hayo. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994, baada ya miaka 24, mwaka mmoja tu baada ya nyigu wa Pakistan kuachiwa pwani. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, aliyekuwa amejipatia jina kwa kuongoza kampeni ya kuokoa mihogo ya Afrika kwa kutumia nyigu kutoka Amerika Kusini. Katika kampeni hiyo nako aina mbili za nyigu wanaokaribiana ziliachiwa. Moja ilienea karibu kila mahali mhogo ulipo, na nyingine ikashindwa kustahimili ushindani wa mwenzake.

Haitakuwa haki kumsimulia mtu huyu kana kwamba hakuwa na upungufu. Alihubiri maisha yake yote kwamba Afrika isimame kwa miguu yake katika sayansi, ilhali kituo alichokijenga kiliishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili wa nje. Mfadhili akibadili nia, kazi iliyumba. Aliwasihi viongozi wa Afrika watenge fedha kwa ajili ya utafiti, na wengi wao walimsikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani bila kutenga. Deni hilo si lake peke yake, lakini ni sehemu ya historia yake.

Hata hivyo, nyumba haikuanguka. Huko Mbita, katika kituo ambacho sasa kina jina lake, ilikuzwa mbinu ya kupanda mahindi pamoja na mimea inayomfukuza bungua na kuyazungushia majani ya malisho yanayomvuta nje. Mwaka 1997 watafiti walitangaza kuwa aina moja ya majani yaliyopandwa katikati ya mahindi ilifanya zaidi ya kumfukuza bungua, kwani harufu yake iliwaita nyigu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo kilileta nyigu kutoka Taiwan kwa ajili ya nondo wa kabichi, akaachiwa Kenya na Tanzania, na mzigo wa nondo huyo ukapungua. Lakini nyigu wenyeji waliokuwa wakimwinda nondo huyo Kenya walisukumwa kando karibu kabisa. Safari hii ushindani ulikwenda tofauti na ule wa bungua, jambo linaloonyesha kuwa hakuna kanuni moja inayotosha kwa kila shamba.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika viligunduliwa Tanzania, na wakulima wa mahindi nchini kote wakaingiwa na hofu. Wengi walikimbilia dawa. Watafiti walioingia mashambani Ethiopia, Kenya na Tanzania mwaka huo huo walikuta jambo la kutia moyo: nyigu wa Kiafrika walikwishaanza kumshambulia mgeni huyo, bila kuagizwa na mtu. Mmoja wao alikuwa ndiyo kwanza amepewa jina la kisayansi mwaka huo. Anaitwa Cotesia icipe, kwa heshima ya kituo kile kilichoanzia katika vijumba vya Chiromo.

Hapa ndipo penye jambo la kuamuliwa na kila mkulima wa Mabogini, na wa kila tambarare inayofanana nayo. Dawa nyingi za kunyunyizia hazichagui. Zinazomuua kiwavi humuua na nyigu, na mara nyingi nyigu ndiye anayetangulia kufa, kwa kuwa yeye yuko nje akitafuta wakati bungua amejificha ndani ya bua. Shamba lililonyunyiziwa ovyo hubaki bila mlinzi, na waharibifu wanaorudi hukuta mlango wazi. Mkulima hulazimika kununua dawa tena, na tena. Mahali ambapo mlima unazidi kupata joto na bungua wanapanda, kumpoteza nyigu mmoja hakutakuwa hasara ndogo.

Profesa Odhiambo aliandika pia vitabu vya watoto, jambo ambalo wasomi wengi wa ngazi yake hawakuona kuwa lina maana. Labda alijua kuwa elimu ya wadudu haianzii maabara. Huanza siku mtoto anapoinama chini ya hindi, akaona vifuko vyeupe ubavuni mwa kiwavi aliyekufa, na badala ya kuviponda akauliza ni nini.